Theluthi ya Wabelgiji

"Viti viwili vipo wazi, Dulcie, na kimoja lazima kiwe chetu," Lieven alisema kwenye skrini ya kompyuta, huku akivua miwani. "Ama mwongozaji atoke Ubelgiji badala yako, ama mpigapicha. Si mimi ninayesema, ni sheria za ubia. Tukileta theluthi ya fedha, tunadai theluthi ya kazi kubwa. Mhariri ni wetu tayari. Bado mtu mmoja."

Dulcie Pardy aligeuka akatazama dirishani. Barafu ya Aprili ilikuwa bado imeng'ang'ania nguzo za gati.

"Selby amepiga picha za filamu hii miaka mitano," alisema. "Bila mshahara, Lieven."

"Najua. Nimeziona, ni nzuri sana. Lakini kituo cha Toronto kinataka jibu kesho."

Filamu ilikuwa ya sehemu sita, kuhusu vijiji vya wavuvi wa Newfoundland, Kanada, vilivyopiga kura ya kuhama. Kila kituo cha televisheni kilimkaribisha Dulcie kwa kahawa na kumuaga kwa maneno yale yale: tafuta mshirika kwanza, kisha urudi. Washirika nao waliuliza ana kituo gani. Lieven, mtayarishaji wa Ubelgiji, ndiye wa kwanza ambaye hakumzungusha. Sasa Lieven akijitoa, kituo cha Toronto kingejitoa, na mfuko wa serikali ungefuata. Na kijiji cha mwisho, Skerry Harbour, kingekatiwa umeme Septemba, filamu iwepo isiwepo.

"Mpigapicha," Dulcie alisema. "Leteni mpigapicha."

Neno hilo lilimtoka upesi hata mwenyewe akashtuka.

Alimkuta Selby Hynes bandani kwake, amelala chini ya gari la kusukuma theluji alilokuwa akiliendesha kwa kibarua.

"Mbona umekuja na sura ya msiba?" Selby aliuliza. "Kafa nani?"

"Tumepata fedha."

"Ndiyo unanuna hivyo? Wewe siku ukipata mume utajitosa baharini!"

Dulcie hakucheka. Alimweleza mambo ya theluthi, sheria, na mtu wa kamera atakayetoka Ubelgiji. Selby akatoka chini ya gari taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hapakuwa na njia nyingine?"

"Hapakuwa."

"Basi." Aliendelea kufuta vidole vilivyokwisha takata. "Lakini Shangazi Hepsie wa Skerry Harbour hamfungulii mlango mtu asiyemjua. Nitakuja nimtambulishe huyo mgeni. Nitawabebea mizigo."

"Si lazima, Selby."

"Nani atabeba, wewe na mgongo wako huo?"

Joris aliwasili Agosti. Dulcie alikuwa ameomba moyoni awe mjivuni, au angalau mvivu. Hakuwa. Alikuwa kijana mpole mwenye jicho zuri, na kila jambo alimuuliza Selby kwa heshima. Ndani ya boti ya kwenda Skerry Harbour walikaa pamoja nyuma, wakila mkate kwa jemu, huku Selby akimtania kwamba samaki wa huku wanapenda sana matapishi ya Ulaya.

"Namshukuru sana Dulcie," Joris alisema, akiinua sauti kuishinda injini. "Lieven alikuwa na mwongozaji tayari kabisa. Dulcie akasema hapana, yeye ataongoza, kamera ndiyo ije kwetu. Bila hivyo nisingepaona huku."

Alilisema kama sifa. Dulcie, aliyekuwa mbele yao, alibaki ametazama maji.

"Kumbe," Selby alisema. "Alichagua vizuri. Mimi kuongoza watu siwezi, hata mbwa wangu hanisikii."

Alicheka peke yake. Kisha akavuta turubai juu ya mabegi ya kamera, akaliingiza vizuri pembeni ili maji ya chumvi yasipenye.

Shangazi Hepsie aliwapokea mlangoni, akamwinulia uso Joris.

"Huyu mrefu ni wa nani?"

"Si wa huku, Shangazi," Selby alimjibu. "Katoka Ubelgiji."

"Ubelgiji! Kwao vikongwe vimekwisha?"

Aliwapa chai ya maziwa ya kopo. Joris akatega kamera, na Dulcie akaanza kuuliza juu ya mume wake, juu ya ile kura, juu ya nyumba. Bibi alijibu vizuri, ila kila jibu alimgeukia Selby aliyesimama karibu na jiko. Joris akamwangalia Dulcie kwa aibu.

"Selby," Dulcie alisema. Hakujua aendelee vipi.

"Anazungumza na mimi. Nimeona." Selby akachukua kofia yake. "Nipo nje."

Mlango ulifungwa taratibu. Dulcie alitaka kumfuata. Miguu ilikuwa imekwisha anza. Lakini mwanga ulikuwa mzuri, na boti ingerudi maji yakijaa.

"Tuendelee?" Joris aliuliza.

"Tuendelee. Shangazi, ulisema ulipiga kura ya kukubali."

"Nilikubali." Bibi alipatazama pale patupu kando ya jiko. "Kwani Selby kaenda wapi?"

Kamera iliendelea kurekodi.

"Anaonekana," Joris alinong'ona. "Dirishani, nyuma ya bibi. Nimwambie asogee?"

"Mwache."

Kule chini, kwenye mawe ya ufukweni, Selby alikuwa amesimama ameielekea nyumba, mikono mfukoni, kichwa amekiinamisha kidogo upande, jicho moja amelifumba, kama anayetazama ndani ya kamera.