Walio Pembeni Huyeyuka Mapema

Wakati wa chai ya saa nne, kidole kidogo cha fundi wa maabara kiliyeyukia kwenye sahani ya kikombe. Alikuwa mwanamke aliyezoea kunywa chai peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeona. Aliimaliza kwanza isije ikapoa, kisha akakimimina kidole kwenye kibati cha barafu na kukitia kwenye friji. Kufikia saa ya kutoka kilikuwa kimeganda. Alikirudisha mahali pake, kikakaa upande kidogo.

"Angalia tu usinidondokee kwenye sampuli," mkuu wake alimwambia alipokiona.

"Nitavaa glavu."

Hakuhitaji kuelezwa kilichomsibu. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha chembe za dhahabu, ndogo hata hazionekani bila hadubini iliyojaza chumba kizima. Donge kubwa la dhahabu hutaka tanuri kali, kwa kuwa atomi zake nyingi ziko ndani, zimebanwa na majirani kila upande. Ukizidi kulipunguza, nyingi hujikuta pembeni: huku zimeshikwa, kule hakuna mtu. Hizo hulegea kwa joto dogo tu, na chembe nzima huzifuata.

Nyumba yao nayo ilikuwa imepungua. Utotoni walilala mzungu wa nne, yeye katikati, wadogo zake wakimkanyaga mbavu. Baadaye wakaoa, wakaolewa, wakahama, naye akaachiwa kumuuguza mama. Waliahidi kupokezana zamu, kisha wote wakatia pamba masikioni. Mama alipofariki walikuja, wakalia, wakamsifu dada yao kwa moyo wake, wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa, ukimwondoa msusi.

Baada ya kidole likafuata sikio, alipoinamia pasi. Kisha visigino, juani. Kuyeyuka hakukumuuma; upweke ndio uliomuuma. Alimpigia simu kitinda mimba wao.

"Njoo ukae nami kidogo, mdogo wangu. Nayeyuka."

"Pole, dada. Nunua feni."

"Siyo joto. Ni kukosa mtu ubavuni."

"Haya, nitakuja. Usijali."

Alikuja kweli, Jumapili moja mchana, akamkuta kitini, miguu yote imo ndani ya beseni. Alivua koti, akavuta kiti, akakaa naye bega kwa bega na kumshika mkono. Bega lililoguswa likaganda kwanza, kisha shingo, kisha miguu ikapanda kutoka kwenye beseni na kushika umbo. Hata kidole kilinyooka. Dada alifurahi mpaka akalengwalengwa na machozi.

"Usiondoke," alisema.

Kitinda mimba alicheka, akamgonga goti kwa kidole. Lilitoa mlio.

"Ona ulivyo imara! Unatutisha bure." Akatoa simu, akawapigia ndugu zao palepale. "Nipo kwake. Dada mzima kabisa, jiwe! Hakuna haja ya mtu kujisumbua kuja."

Wote walishukuru kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake. Kitinda mimba alimbusu dada yake shavuni, akachukua koti, akaondoka kabla foleni ya magari haijaanza.

Shavu lilibaki gumu mpaka jua lilipofika dirishani. Dada akalivuta beseni kwa mguu uliokuwa bado unamtii, akaliweka sawasawa chini ya kiti, kisha akaketi.