Vikombe Vilivyotaka Kukandwa

Jana usiku niliota, na msiseme ni shibe, maana nililalia chai kavu. Niliota niko chumba cha nyuma, pale binti yangu Tunu anapochapia picha kwenye vikombe.

Mchana alikuwa amevitoa mashineni, akavitumbukiza vya moto kwenye ndoo ya maji baridi. Ta! Ta! Ta! Vikapasuka vyote, kila kimoja na uso wa bibi harusi. Nilimwambia mwanzo, viache vipoe taratibu. Akasema mama, mambo ya siku hizi huyajui. Vikabaki vitupu vichache, vya kuchapwa alfajiri, na Bi Salha, mama wa bibi harusi, anakuja kuvichukua asubuhi. Uso wa mwanawe ukipata ufa siku ya harusi, nani Tanga hii atamletea tena Tunu kazi?

Basi kwenye ndoto mashine inafunguka yenyewe. Kikombe kinatoka kinafuka moshi, mkono kiunoni.

"Bibi, mbona umeduwaa? Tumejifungua."

"Mmezaa nini?"

"Picha. Huoni?"

Nikaona. Mimi nimekanda wazazi wengi mtaani kwetu, hasira zao nazijua. Nikauliza wanataka nini.

"Kitanda cha mbao, bati hatulalii. Tusibanane. Upepo usitupige. Na mkono mtupu usitushike, utaungua halafu utusingizie."

Nikavaa glavu nene za Tunu. Kugeuka, nipo wodini. Vikombe vimelala, kila kimoja na kitanda chake, khanga mpaka shingoni, vinaagiza uji wa pilipili manga. Kimoja kinalalamika sukari haikukolea.

Mlango unapigwa teke. Anaingia Ndoo, koti jeupe, maji baridi mpaka ukingoni.

"Mimi daktari. Wote waoge sasa hivi, waende makwao."

Wodi nzima ikaangua kilio.

"Daktari wa wapi?" nikamuuliza.

"Wa bombani."

"Umewahi kuzaa?"

"Mimi ndoo."

"Sikukuuliza kabila. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto. Hayo ya baridi kampe mama yako."

"Mama yangu pipa."

"Basi naye aje."

Pipa akaja. Mlango haukumtosha, akaingia kiubavuubavu na kipande cha ukuta.

"We mwana! Nimekulea kwa adabu, leo unawamwagia wazazi ubaridi? Mbele ya bibi wa watu?"

Ndoo akaona haya. Haya zikamwanzia kitakoni, zikapanda, maji yakaanza kutoka jasho, kisha mvuke.

"Shikamooni," akaviambia vikombe, kwa sauti ndogo.

"Marahaba!" Vigelegele vikapasua dari. Nikabebwa juu juu na nyonga yangu hii mbovu, tukazunguka mitaa yote ya Ngamiani, Pipa anapiga ngoma tumboni mwake mwenyewe. Polisi wanatupigia saluti. Mimi napunga glavu.

Chubwi!

Nikazinduka. Sauti ile naijua. Kumekucha, Bi Salha yuko mlangoni anapiga hodi kama anadai mtu, na Tunu kwa kiwewe amevitumbukiza tena ndooni, vile vipya vyote alivyochapa alfajiri, vya moto vilevile!

Nikakimbia na khanga moja. Nikaziba masikio, nasubiri ta.

Kimya.

Tunu akatoa kimoja. Kizima. Akatoa kingine. Kizima. Vikaisha vyote, bibi harusi anacheka bila hata mkwaruzo. Bi Salha akakigeuzageuza kimoja kwenye mwanga.

"Mashaallah! Mbona mwanangu kapendeza kuliko alivyo? Tunu, na vya arusi ya mdogo wake ni wewe, usimpe mtu."

Alipoondoka, Tunu akachovya kidole ndooni.

"Mama, maji haya umeyapasha saa ngapi?"

Nikatazama jiko. Paka alikuwa amelala ndani yake, juu ya majivu, anakoroma.