Jangwa Lililohamia Chumba cha Uani

Jangwa liliingia kwa fundi cherehani alasiri moja, akiwa anapanga marinda ya sketi za shule. Lilipitia mlango wa uani, kobe mbele, mchanga nyuma, vichaka vya miiba vikijikunja visije vikakwaruza rangi ya mlango. Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, akauliza kama kuna waliobaki nje. Halafu akalifungulia chumba alichokuwa akilala mdogo wake kabla hajaoa, akatoa godoro, akarudi kwenye marinda yake.

Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na kabati. Kufika jioni jangwa lote lilikuwa limeenea humo, na mtu akisimama kizingitini alikuwa haoni ukuta wa pili. Jirani alikuja kulalamika kwamba mchanga unaangukia nguo alizoanika, akakumbusha kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fundi akamjibu kwamba huyu jembe amelipata hukohuko alikotoka, tena lenye injini. Jirani akahamisha kamba yake.

Fundi alijua kilicholihamisha jangwa, na ndicho kilichokuwa kikimla roho. Mdogo wake alikuwa mpima ardhi wa kampuni ya umeme wa jua. Nyumbani walimwita Kitinda, hata baada ya kuota mvi, na fundi ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa kazini. Kampuni ilipokuja, watu waliutaka umeme, fundi akiwa wa kwanza, maana magoti yalikuwa yamechoka na pedali. Ila hawakutaka jangwa liguswe. Lilikuwapo kabla yao na halikuwahi kumkosea mtu. Kitinda akasimama mkutanoni akasema paneli zitawekwa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ardhi iliyokwisha kuharibika, na jangwa litabaki kama lilivyoumbwa. Ili kusiwe na shaka, wenyeji walizungushie vigingi vyenye vitambaa vyekundu, kwa mikono yao. Walimwamini kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani.

Vitambaa alivishona fundi. Alivipinda kingo zote nne upepo usije ukavichana, ingawa hakuna aliyemwagiza, na Kitinda alimshikia taa. Watu wakaenda na nyundo, wakitaniana njia nzima, wakalizungushia jangwa vigingi. Matingatinga yalipofika, madereva walivitazama vile vitambaa, wakajua pa kuanzia. Katika kazi yao, chekundu ni alama ya eneo la kusafishwa. Machimbo yalikuwa na mashimo, na kuyafukia kungechelewesha mradi. Paneli zikajaa tambarare yote, zikatoa umeme mzuri usio na moshi, ukapita juu ya bati la fundi kwenye nyaya nene, ukaenda mjini.

Kitinda hakuonekana kwa muda mrefu. Alipokuja alibeba mfuko wa sukari, na kifaa chake cha kupimia pamoja na mkoba wa zana akaviacha barazani. Fundi alimpikia chai. Alisubiri anywe kwanza, ndipo akauliza.

"Ulijua wakati nashona?"

"Nilijua, dada."

"Na taa ukanishikia."

"Ningekwambia, usingeshona."

Fundi aliumia kuliko alipofiwa na mumewe, kwa sababu mume hakukusudia. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ambaye nguo ndiyo kazi yake hakukiona. Alimweleza hivyo, bila kupandisha sauti. Kitinda alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za msiba wa mbali, akapuliza mchanga uliokuwa umeelea juu ya chai.

Kisha akaomba kukiona chumba chake cha zamani. Kampuni ilikuwa imesikia. Mradi ulikuwa unaendelea vizuri, awamu ya pili ilihitaji ardhi tambarare yenye jua, na katika chumba kile, kwa habari walizopata, hakukuwa na wingu hata moja.

"Ni ukingoni tu, dada. Kwingine hawatagusa."

Fundi alimtazama usoni aone kama anadanganya. Ulikuwa uso uleule wa mkutanoni, mpole, uliooga vizuri.

Kitinda alichukua kifaa chake na mkoba wa zana, akavua viatu kizingitini kama alivyofundishwa utotoni, akaingia. Kobe alisogea akampisha. Fundi alisimama mlangoni. Alikuwa na maneno ya kumfukuza, yamekaa tayari mdomoni. Badala yake akamwambia avae kofia, jua la mle ni kali.

Kitinda akavaa, akamshukuru, akaanza kupigilia vigingi.