Pumziko la Pasi

"Chomoa friji," dada alimwambia mumewe. "Linanguruma kunishinda."

Shemeji akalichomoa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na asubuhi ile alishika kipaza sauti tulichokifunga kwenye mpini wa fagio, kidevu juu kama mbeba bendera. Ukutani, mahali pa kalenda, nilikuwa nimebandika michoro ya filamu nzima: pasi, mvuke, mikono, shuka juu ya shuka. Kilichobaki ni dada kusoma shairi lake. Wiki iliyofuata angefanyiwa upasuaji wa koo, na sauti yake ingeondoka pamoja na uvimbe. Daktari hakutuzungusha, alitwambia hivyo hivyo.

Dada alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimwita Kengele, maana akifundisha katika darasa la nyuma kabisa, walinzi getini nao walijifunza kugawanya. Shairi alilitunga mwaka aliokufa mama, ambaye maisha yake yote alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Lilianza hivi:

*Mama kanyoosha shuka, za watu asowajua.*

Nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Dada aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akaiweka mezani.

"Sisomi."

"Dada, tafadhali."

"Watu watakuja kusikiliza ugonjwa wangu. Mimi nimeandika habari za mama. Utasoma wewe."

"Mimi na mashairi wapi na wapi?"

"Hilo halina ubishi. Sogea hapa."

Niliudhika mpaka machozi yakanilenga. Filamu nilikuwa nimeiwaza kwa ajili ya watazamaji, ndiyo, lakini sauti ile niliitaka kwa ajili yangu. Nilitaka pawe na mahali ninapoweza kwenda kumsikia. Sikumwambia, na nadhani alijua, kwa sababu hakunipa nafasi ya kubembeleza.

Akaanza kunifundisha. Kila mizani aliipiga kwa pete yake ya ndoa kwenye ukingo wa meza: nane, kimya kidogo, nane tena. Mimi nilikuwa naruka kile kimya. Nilifika katikati ya mshororo nikaunganisha moja kwa moja, kama mtu anayekimbia mvua.

"Unakimbilia wapi?" aliniuliza, sauti imeshaanza kukwaruza. "Hapo pana pumziko. Hapo mama alikuwa anainua pasi."

Miaka yote nililisoma shairi lile na sikuwahi kuiona pasi ikiinuka. Shemeji alishusha fagio.

"Lote nililipima hivyo," dada alisema. "Pasi inakwenda, inainuka, inarudi. Sasa soma."

Nilisoma mpaka koo langu likakauka. Kisha nilisimama, nikabandua michoro yote ukutani, tukapanga filamu upya tukiwa tumekaa sakafuni. Kila nusu ya mshororo ikawa picha moja. Kwenye pumziko, pasi hewani na mvuke ukipanda, basi. Shemeji alipendekeza tuweke na muziki wa huzuni, tukamkatalia kwa pamoja. Kesho yake maziwa yalikuwa yameganda na nyama inanuka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuchomeka friji. Dada alicheka sana. Kipaza sauti kilikuwa kimeshafungwa kwenye boksi, na mimi nilisimama pale nikimsikiliza kwa nguvu zangu zote.

Alirudi kutoka hospitali na kitambaa shingoni. Tuliazima chumba kile cha kufulia cha hospitali siku ya mapumziko, nikamketisha kando ya kamera. Nilimwuliza kama tungoje apate nafuu zaidi. Alinitazama kwa jicho ambalo wanafunzi wake walilijua vizuri, akagonga meza ya chuma kwa pete: nane. Mwanamke aliyemwigiza mama akasukuma pasi. Kimya. Pasi ikainuka. Nane. Tulifanya kazi hivyo siku nzima, na mshororo wa mwisho niliusoma nikiwa nimesimama karibu naye:

*Nayo shuka ya mwishoni, nani aliyenyoosha?*

Kulikuwa na watu wazuri walionishauri nimtafute msomaji wa kulipwa. Sauti yangu nyembamba, walisema, na walisema kweli. Niliwashukuru nikaendelea kufanya mazoezi jikoni, chooni, njiani, watu wakinipisha. Fundi wa sauti naye alitaka kusafisha ile kelele ya chuma iliyoingia chini ya maneno. Nilimwambia akiigusa tutakosana. Ikabaki yote.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya kukunja. Shemeji alikaa upande mmoja, dada katikati, mimi upande wa pili. Taa zilizimwa, pasi ikatokea, na sauti yangu ikajaa ukumbi huku pete ikigonga chini yake. Nilijua kila kitu kimeshakwisha, kimekatwa na kuunganishwa, hakuna wa kukibadili.

Dada hakujua hivyo, au hakuniamini. Tulipokaribia mshororo wa mwisho aliushika mkono wangu gizani akaanza kugonga kwa kidole: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Kisha akanibana, nisikimbie.

Sikukimbia. Pale juu pasi iliinuka, na dada akanisubiri.