Walikuja Kunizika Kituoni

Alhamisi madaktari wa mjini Galway walikuwa wanitoe kisanduku cha sauti kooni, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusoma hadithi zangu hadharani. Saratani ya koo haina adabu. Nimeandika hadithi fupi tangu nina nywele kichwani, nikazituma huku na kule, zikawa zinarudi. Leo nina miaka sabini, kitabu changu cha kwanza kimetoka, ndipo mwili unaniambia basi, nyamaza. Nilimwambia Attracta Gilhooly, msimamizi wa Kituo cha Fasihi hapa Drumaleen, kijijini kwetu Ireland, kwamba sitaki keki wala hotuba. Nataka watu wa kwetu wanisikie kwa mdomo wangu mwenyewe, mara moja tu. Kwani ni kuomba makubwa?

Nilimkataza kutaja ugonjwa. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Sikutaka kusikilizwa kwa huruma, mimi si paka wa jalalani.

Attracta ndiye aliyenifanya mwandishi. Alinipa chumba cha juu chenye hita, akazisoma hadithi zangu moja moja, akanigombeza mpaka zikanyooka. Basi akabandika matangazo buchani, posta, hata kwenye mlango wa kanisa. Kila aliyeulizwa alijibu, "Nitakuja, Mungu akipenda." Kwetu ukijibiwa hivyo, ujue mtu haji. Hatujui kumkatalia mtu usoni, ni ugonjwa wa nchi nzima. Isitoshe jua, ambalo kwetu ni adimu, lilikuwa limetoka na watu wanakata majani ya ng'ombe ya kukausha. Nani aache trekta lake aje kumsikiliza Fergal Mulhern akisoma karatasi?

Jumanne jioni nikakaa kwenye kijichumba nyuma ya ukumbi, nimevaa suti, nakunywa maji kidogo kidogo. Nilichungulia. Viti vitupu, na Attracta katikati yake anapanga vitabu ambavyo havikuwa na wa kuvinunua. Nikajisemea, Fergal, umekwisha. Nililia, siwafichi. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, na kila kwikwi ilinikwaruza koo.

Attracta alinisikia. Akafungua mlango, akanitazama, akatoka nje na simu mkononi.

Haukupita muda nikasikia magari. Milango ikagongwa, viti vikaburutwa, watu wakakohoa, wengine wakakosa pa kukaa wakasimama ukutani. Harufu ya chai ikanifikia. Jamani! Nikajifuta uso, nikanyoosha suti. Nikasema, hawa ndio watu wangu, niliwasengenya bure.

Kisha nikamsikia Dympna Keaveney, mama anayeongoza sala kwenye kila msiba wa parokia.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtumishi wako Fergal."

Ukumbi mzima ukaitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie."

Maji yakanipalia. Attracta akaingia, akafunga mlango, akauegemea.

"Attracta, nani kafa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilimpigia Dympna. Nikamwambia umetutoka, na unaagwa hapa kituoni jioni hii. Ningefanyaje, mzee wangu? Kwenye kusoma hawaji. Kwenye msiba hawakosi, hata wa adui."

"Una wazimu wewe mwanamke!" Nilipiga kelele mpaka koo likawaka.

"Ninao. Toka ukasome."

"Malachy yumo?"

"Kiti cha mbele," akasema taratibu. "Analia, Fergal."

Malachy ni kaka yangu. Tuligombania shamba la mama, na tangu tumzike hatujaamkiana, wakati moshi wa jiko lake nauona dirishani kwangu. Hadithi niliyotaka kusoma ni ya ugomvi huo huo. Nikachukua kitabu, nikatoka.

"Yesu, Maria na Yosefu!" Dympna aliruka, rozari ikamponyoka. Kisha hasira zikalipuka.

"Fergal, huna haya? Nimeacha majani shambani na mvua inakuja!"

"Na padri amekwisha kunitilia sahihi kadi ya misa ya kuiombea roho yako!"

Dympna akabeba sinia la sandwichi alilowaletea wafiwa. "Ukifa kweli," akaniambia, "usinitafute." Akatoka, na nusu ya ukumbi nyuma yake.

Malachy hakuinuka. Alikuwa ameshika kofia magotini, mashavu yamelowa.

"Kumbe hukufa."

"Bado, kaka."

"Mshenzi mkubwa wewe."

"Keshokutwa wananitoa sauti. Nilitaka mnisikie kabla."

Waliokuwa mlangoni wakasimama. Mmoja akarudi, akaketi. Kisha mwingine.

"Soma, basi," Malachy akasema. "Si tumeshafika?"

Nikafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza nikausoma, sauti inakwaruza lakini inatoka, na nikaona watu wanasikiliza, naapa wanasikiliza, mmoja hata akacheka pale nilipotaka acheke. Kwenye ukurasa wa pili koo likajifunga. Nikajaribu tena. Hewa tupu. Nikanywa maji, nikajaribu, nikapiga kifua, hewa tupu. Siku niliyoingoja maisha yangu yote, na sauti nimeimaliza kwa kulia na kumfokea Attracta! Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Nilitamani ule msiba ungekuwa wa kweli.

Malachy akaja mbele, akanipokonya kitabu, akanionyesha kiti chake nikae. Akaanza kusoma kwa kidole, neno moja moja, maana shule aliiacha mapema. Lakini sauti ilikuwa yangu. Hata mama hakuwa akitutofautisha kwenye simu. Nilikaa pale najisikia nasoma, na machozi yalinitoka tena, safari hii bila kelele.

Akafika palipoandikwa kwamba kaka mtu alihamisha uzio wa shamba hata udongo wa kaburi la mama haujakauka. Akairudia sentensi ile polepole.

"Huyu ni mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Uongo mtupu," akawaambia watu. Kisha akanigeukia. "Sikuuhamisha mimi uzio, Fergal. Miaka yote hii hujawahi hata kuniuliza. Haya, sema. Nijibu!"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Tangu mazishi ya mama nimekuwa nayo, ya ubaya na ya upendo, nayalaza na kuyaamsha. Nikasimama, nikafungua mdomo.

Kaka yangu alingoja. Alingoja sana, macho yake kwenye midomo yangu. Alipoona hakuna kitakachotoka, akakiinamia kitabu, akaendelea kusoma.