Mgeni Aliyelala Nyuma ya Pazia

Mama mkwe alipanda lori langu asubuhi akiwa na mabegi mawili na nia moja. Alikuwa anakwenda kumwona wifi yangu aliyejifungua, hilo ni kweli, lakini mabasi yalikuwepo. Alichotaka ni kuiona kazi yangu kwa macho yake, kisha atoe neno. Kwa miaka miwili alikuwa akimwambia mwanawe kwamba mke wa mtu hakai kwenye usukani wa tani thelathini. Na mume wangu, mwanamume mzuri tu kwa mambo mengine yote, mama yake akishasema "nimesema", huwa hana la kuongeza. Mimi nalipenda lori langu. Niliogopa neno hilo kuliko mteremko wowote.

Tangu inzi wa matunda aingie mashambani kwetu, kubeba machungwa kumekuwa na masharti kama kuposa. Lori linafunikwa wavu, linapigwa lakiri shambani, na halifunguliwi mpaka kiwandani. Njiani kuna kizuizi. Wakikuta inzi mmoja, au funza wake, unageuzwa na mzigo wako wote.

Tajiri wetu, mwenye malori, naye haruhusu abiria. Kwa hiyo mama mkwe, alipochoka kulalamikia mashimo, vumbi na honi yangu, nilimlaza kwenye kile kitanda cha nyuma ya siti, nikavuta pazia. Tulipofika kizuizini mchana alikuwa anakoroma.

Mkaguzi wa siku hiyo sikuwa namfahamu. Alisimama chini ya mlango wangu na ubao wake wa kuandikia.

"Dereva, umebeba mgeni?"

Nikajua tajiri amepata habari. Nikaona heri niseme kweli, ila kidogo kidogo.

"Mmoja tu."

Kalamu ikasimama. "Umempata wapi?"

"Nimempakia mwenyewe, nyumbani."

"Kwa makusudi?"

"Sasa ningemwachaje, kaka yangu?"

"Yuko hai?"

"Hai sana. Tangu asubuhi ananipigia kelele sikioni, ndiyo kwanza amesinzia."

Mkaguzi akanitazama kwa huruma, akaandika. "Basi dada, hatuna njia. Huyo tunampulizia dawa, akishakufa tunamfukia kwenye shimo lile pale. Ndiyo sheria."

Pazia likafunguka shwaa. "Nani anafukiwa?"

Ubao ulimdondoka mkaguzi. Ikabidi tuelezane. Kumbe wao yule inzi humwita mgeni, kwa sababu alitoka mbali na hakuna aliyemkaribisha. Mkaguzi alicheka mpaka akashika tairi. "Mimi nakagua inzi, mama," alisema, "sikagui wakwe."

Mama mkwe hakucheka hata kidogo. "Kwa hiyo mimi ni mgeni?" aliniuliza. "Nimekuzalia mume, halafu mgeni?"

Nilitamani lile shimo wanifukie mimi.

Mkaguzi akajifuta machozi, akasoma maneno yake kama sheria inavyomtaka. "Kabla sijapanda. Kama humo ndani kuna tunda lolote lisilo na cheti, litolewe sasa. Mkilitoa wenyewe nalifukia, lori linapita. Nikilikuta mimi, lori linarudi na machungwa yake yote."

"Hakuna," nikasema bila wasiwasi.

Mama mkwe alikuwa kimya, na huyu si mtu wa kukaa kimya. Alikuwa amelikumbatia begi lake la pili.

"Likirudi," akauliza, "analaumiwa nani?"

"Dereva."

Akalitazama begi, akanitazama mimi. Yale aliyokuwa akiyatafuta kwa miaka miwili yalikuwa mapajani mwake. Angenyamaza tu, nami ningerudi nyumbani na aibu yangu. Akavuta zipu.

"Haya hapa. Ni ya mti wangu mwenyewe. Dereva hajui lolote."

Yalikuwa mapera, kila moja limefungwa gazeti. Wifi yangu alikuwa akiyalilia simuni tangu mimba changa. Mkaguzi akapasua la kwanza, safi. Akapasua la pili, na funza wadogo weupe wakaanza kujinyonganyonga kwenye kisu. Mama mkwe akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Na nimeyachagua moja moja," akasema. "Ningempelekea mwanangu mzazi haya?"

Akashuka mwenyewe, akayabeba mpaka shimoni. Mkaguzi akakagua kabini, akaangalia lakiri, akagonga muhuri, akainua kizuizi.

Mama mkwe aliporudi hakwenda nyuma ya pazia. Alikaa mbele, akafunga mkanda. Tulipoondoka nikashindwa kujizuia.

"Mama, nisamehe kwa kukuita mgeni."

"Tazama barabara."

Mbele yetu gari dogo lilikuwa linajikokota katikati ya njia. Mama mkwe alilivumilia kidogo, kisha akaniambia, "Mpigie honi huyo. Anatuchelewesha na machungwa yetu."

Nikapiga honi kwa furaha ambayo honi hiyo haijawahi kupigwa nayo. Simu yangu ikaita. Alikuwa mume wangu, na nilijua anataka neno la mama yake. Mama mkwe akaipokea kabla sijasema kitu.

"Tunaendelea vizuri... Aache nini? ... Nani kasema aache? Mimi? Wewe tangu utotoni husikii vizuri." Akamsikiliza kidogo, akasonya. "Hebu kata simu, tuko kazini."