Mwito Kwenye Njia ya Chumvi

Madamu Solange aliogopa magari kama wengine wanavyoogopa nyoka, na alikuwa na haki yake. Mumewe, daktari aliyefanya kazi Ngazija miaka mingi, aligongwa na lori huko kwao Ufaransa akiwa juu ya baiskeli, na yeye yuko nyuma yake anatazama. Tangu siku hiyo hakuikanyaga tena barabara kuu. Kwao, alisimulia, viko vijia vyembamba vya lami vinavyokatiza mashamba ya ngano na mizabibu, kijiji hadi kijiji, na mtu huweza kwenda nusu ya siku asikutane na chochote ila trekta la mkulima na ng'ombe waliosimama kumtazama. Katika vijia hivyo ndimo alimokuwa akiutua msiba wake. Mwaka huo wa themanini na sita alikuja Malindi na baiskeli yake mwenyewe ndani ya kasha la karatasi ngumu, akamtafuta Abdulghani fundi baiskeli, na kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kingazija akamwambia anataka njia isiyo na magari.

Abdulghani alikuwa akiwatembeza wageni wa hoteli kwa baiskeli, na ombi kama hilo hajapata kulisikia. Sisi watu wa pwani njia tunayoihofu ni ile isiyo na watu. Gari likikugonga watajaa hata wasiokujua, wengine wakulilie, wengine wakuibie kofia, lakini hutakosa wa kukuokota. Kwenye njia tupu nani akuokote? Hata hivyo mgeni njoo, mwenyeji apone. Akampitisha kwenye vijia vya mashamba ya Magarini, baina ya mikorosho na mihogo, na bibi yule akawa anacheka peke yake kama mtoto wa siku ya Idi.

Wakazoeana. Yeye alimwita Gani, kwa kuwa jina zima lilimshinda, na kila jioni alijifunza kulitamka kwa Bi Shekha, shangazi yake Abdulghani, akikosea na wote wakicheka. Siku moja alimwambia, "Wewe ukiwa mbele, Gani, mimi siogopi kitu." Neno lile lilimwingia Abdulghani. Mgeni aliyekuamini ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa nzima.

Zikabaki siku chache aondoke, na Madamu Solange akataka njia iliyo kimya kuliko zote. Abdulghani aliijua: njia ya zamani ya chumvi, inayoachana na barabara upande wa Marereni na kupita kando ya mikoko. Magari yaliiacha tangu kampuni moja, ambayo sasa imekwisha kufa, ilipoikata kwa mfereji wa kuingizia maji ya bahari. Juu ya mfereji palibaki mbao mbili. Aliyetaka kuvuka alishuka, akaibeba baiskeli begani.

Bi Shekha aliposikia, aliweka chini kawa alilokuwa akisuka. Alisema njia ile ina mwenyewe. Mtu huitwa kwa jina lake, nyuma yake, jua likiwa utosini, na Kiponda bin Salehe aliitika akarudi nyumbani bubu hata siku aliyozikwa. Abdulghani alimtania kwamba jini gani huyo asiyelala mchana kama watu wazima. Shangazi hakucheka. "Ukiitwa usiitike," alisema. "Wala usigeuke, mwanangu. Mpaka uwaone watu."

Waliondoka alfajiri. Barabarani kila lori lilipopita Madamu Solange alishuka akasimama majanini na macho amefumba, basi mwendo ukawa wa kuchechemea, na walipoiingia njia ya chumvi jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Hapo akafurahi tena. Abdulghani hakufurahi. Upande mmoja palikuwa na mabwawa makavu yaliyometa hata macho yakauma, upande wa pili mikoko, na hapakuwa na ndege. Alijaribu kupiga mluzi akaona mluzi wenyewe unamtisha, akauacha.

Kwenye mfereji alivuka yeye kwanza. Chini palikuwa na tope na maji ya kufika kisigino, kwani bahari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujaa, na ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote. Alimwambia Madamu Solange avuke polepole. Naye alikuwa ametoa kamera, anapiga picha mikoko, akamwashiria kwa mkono atangulie. Abdulghani akatangulia. Kungoja mahali pale hakukutaka, na huo ndio ukweli wake.

Alikuwa amekwisha kupita kona aliposikia nyuma yake: "Abdulghani."

Nywele zilimsimama. Jina zima, limetamkwa barabara, herufi kwa herufi. Madamu angemwita Gani. Sauti ile ikaita tena, na mara ya tatu ikalivuta jina lile kwa sauti ndefu ya kike. Abdulghani alianza kusoma Ayatul Kursi, akakanyaga kwa nguvu zote, akakodolea macho gurudumu la mbele. Alijiambia kwamba mgeni wake yuko nyuma yake karibu, tena kwamba anausikia mnyororo wa baiskeli yake. Alijiambia hivyo mpaka akausikia kweli.

Mbele, kwenye mwinuko, palikuwa na nyumba ya makuti ya Mzee Jefwa, mchoma makaa. Mkewe Kanze alikuwa mlangoni, akamvuta ndani haraka bila hata kuamkiana, akafunga. Jefwa alikuwa ameketi kitandani na wanawe wawili, kimya. Kanze alimuuliza kwa kunong'ona kama naye ameisikia, na Abdulghani akakiri kwamba ameisikia. Alipewa maji kwenye kata ya kifuu. Kupitia ufa wa mlango aliitazama njia. Ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Atakuwa anapiga picha, alijiambia. Kumtaja mgeni wake aliona haya, maana angeulizwa amemwacha wapi. Akakaa, akangoja, akaitazama njia tena, na kivuli cha nyumba kikaanza kurefuka upande wa pili.

Ndipo Kanze aliposema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Siku zote huita kidogo ikanyamaza. Leo yaita, yalia."

Kata ilimwanguka Abdulghani mkononi. Aliusukuma mlango, akaipanda baiskeli bila kuaga, na nyuma yake akamsikia Kanze akisema basi, huyu amekwisha chukuliwa.

Ubao mmoja ulikuwa umevunjika. Baiskeli ile nyembamba ilikuwa imelala ukingoni, na mfereji ulikuwa umejaa maji ya bahari, mazito, yanayopanda bila sauti. Madamu Solange alikuwa ndani yake, maji yamemfika kidevuni, ameushika mzizi wa mkoko kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa myeupe. Mguu wake mmoja ulivunjika alipoanguka, na wa pili ulizama kwenye tope. Abdulghani alijitosa. Alimvuta, Madamu akapiga yowe la maumivu, tope halikumwachia. Akamvuta tena, akazama yeye mwenyewe hata mapajani. Alichoweza ni kumpandisha kichwa na kukishikilia juu ya maji.

Akaita. Alimwita Jefwa kwa jina, akamwita Kanze, akaomba kamba kwa jina la Mungu. Kutoka pale aliiona nyumba juu ya mwinuko. Akamwona Kanze ametoka, amesimama, amesikiliza. Kisha akamwona anakusanya nguo zake kwenye kamba, anaingia ndani na kufunga mlango. Abdulghani hakumlaumu. Alijua kabisa Kanze anajiambia nini huko ndani na moyo unavyompiga, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa katika hali ile ile muda mfupi uliopita. Aliendelea kuita mpaka sauti ikakwaruza, na kila alivyozidi kuita ndivyo alivyojua kwamba anazidi kuwatisha.

Maji yalimfika Madamu mdomoni. Abdulghani alimwinamisha kichwa nyuma, puani pabaki wazi, naye akawa anamtazama tu, macho yake makubwa, yametulia kama ya mtu aliyekwisha kufika kwa anayemwamini. Hayo macho ndiyo yaliyomuumiza kuliko tope. Shetani hukimbia adhana. Hilo pwani hulijua Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, hakuna kiumbe cha njia tupu kinachoweza kuitamka. Abdulghani alijaza pumzi, akaadhini. Saa haikuwa ya adhana wala mahali hapakuwa pa adhana, lakini aliadhini neno kwa neno, Allahu Akbar mpaka mwisho, na alipomaliza akaanza tena.

Mlango ulifunguka. Jefwa na wanawe waliteremka mbio na kamba na miti ya kuchimbia tanuri.

Walipolazwa ukingoni wote wawili, wana wakaenda kutafuta machela. Jefwa alichuchumaa karibu na mgeni, na kwa Kigiriama akasema maneno mengi, akijipiga kifuani. Alisema walimsikia tangu mwanzo. Alisema mgeni alipolia yeye alitaka kutoka, mkewe akamshika, wakadhani si mtu. Aliomba asamehewe.

Madamu Solange aligeuza kichwa. "Asema nini?"

Abdulghani alimtazama Jefwa, kisha akayatazama maji.

"Asema hawakusikia, madamu. Upepo ulikuwa mbaya."

Bibi yule akautafuta mkono wake, akaushika. "Maskini. Hata wewe hukusikia. Nilikuita kwa jina lako zima, nililisema vizuri, kama alivyonifunza Bi Shekha. Lakini nilijua huko mbele husikii. Ungesikia, ungerudi."

"Ningerudi, madamu," Abdulghani alisema.

Jefwa, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, aliinamisha uso akaendelea kukunja kamba.